Lenzi Mbili na Mkoba Mmoja

Baba aliposikia kwamba ninakwenda mjini Mbulu kuchagua lenzi za kamera, alivaa koti lake la kanisani, akachukua fimbo yake ndefu, akasema hakuna mtoto wake atakayechagua kitu cha thamani bila mtu mzima kukikagua. Nilimwambia lenzi si ng'ombe. Akaniuliza kama nimewahi kuchagua ng'ombe. Nikasema hapana.

"Basi utajuaje kama si ng'ombe?" akasema, na safari ya kutoka kijijini kwetu Daudi ikaanza.

Sikutaka aje. Nilikuwa na sababu zangu, na sababu zenyewe zilikuwa ndefu, nyembamba, zinaitwa Hhando Margwe, na zilikuwa zimesimama nyuma ya meza ya studio ya picha pale juu ya soko la Mbulu zikinisubiri peke yangu.

Mwaka ule nilikuwa karani katika shamba la ngano la serikali kule Basotu, wilaya ya Hanang. Meneja wetu alitaka picha za mavuno, kombaini zote zikiwa kazini, azipeleke makao makuu wakubwa wazitazame. Kamera ilikuwepo, ndogo na nzuri, ila lenzi yake ilikuwa imepasuka baada ya kuangushwa na mtu ambaye mpaka leo hajajitaja. Hhando alikuwa ameachiwa lenzi kadhaa na mtaalamu mmoja wa ngano aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao Kanada. Nikaambiwa niende nikachague lenzi mbili pamoja na mkoba wa kuzibebea. Mbili tu, kwa sababu ngazi ya kombaini unaipanda mkono mmoja ukiwa umeshika chuma, na kile kijumba cha dereva hakina nafasi ya mtu na mzigo.

Sasa nieleze lile jingine, maana ndilo lililoninyima usingizi. Muda wote niliofanya kazi ofisini, mimi ndiye niliyekuwa nikileta filamu za shamba kwa Hhando zisafishwe. Tulikuwa tunatazama picha za matrekta pamoja, vichwa vikikaribiana, na nakuapia hakuna wasichana wengi waliowahi kutazama trekta kwa furaha kama mimi. Hhando aliweza kunieleza habari za mwanga na kivuli bila kumeza mate. Lakini lile neno moja nililokuwa nalingojea lilimkwama kooni kila mara, akaishia kuniuliza kama ninataka chai.

Wakati yeye anachemsha chai, wenzake walikuwa wanatembea. Wazee wa Alfredi, dereva wa lori la shamba, walikuwa wameshafika kwa Baba na kumpa salamu. Mavuno yakiisha wangerudi rasmi na pombe ya asali, na Baba akishakunywa pombe ya mtu harudishi neno. Adhuhuri ya siku hiyo hiyo ya kuchagua lenzi nilitakiwa kupanda lori la Alfredi kwenda Basotu na kukaa huko mpaka ngano ya mwisho iingie ghalani. Kama Hhando hatasema leo, basi tena.

Na mimi, binti wa Mzee Bura wa Daudi, ningeanzaje kusema?

"Shikamoo mzee," Hhando alisema tulipoingia, akainama mpaka nikaogopa atagonga meza kwa kichwa.

"Marahaba," Baba akajibu bila haraka. Alitazama pazia kubwa la studio lililochorwa ndege ya abiria ikipita juu ya maporomoko ya maji, kisha akamrudia Hhando. "Wewe ndiye unayepiga watu picha?"

"Ndiyo mzee."

"Na mabinti?"

"Na... na wazee pia, mzee."

"Hm," alisema Baba.

Hhando alitandika blanketi juu ya meza, akapanga lenzi tatu: fupi, ya kati na ndefu. Aliniangalia mara moja tu, haraka, akarudisha macho kwenye blanketi.

Baba akavuta kiti. "Zina umri gani hizi?"

"Hii ya kati ni ya siku nyingi kidogo, mzee. Hizi nyingine bado changa."

"Zimeshaugua?"

"Baba!" nikasema.

"Namwuliza mwenyewe."

"Hii ya kati iliingiwa na ukungu, mzee," Hhando alijibu kwa adabu zote. "Pembeni hapa. Nimeshautoa, haujarudi tena."

Baba akanigeukia kwa ushindi. "Umeona? Ungekuja peke yako ungebebeshwa mgonjwa." Akaiweka ya kati pembeni, akainyanyua ndefu. Aliipima uzito mkononi, akaigonga kwa ukucha, akaichungulia mbele na nyuma, na kama ingekuwa na meno angeyahesabu. "Hii ndiyo. Hii ina mwili."

"Mzee, siyo ukubwa," Hhando akasema. "Kila moja ina kazi yake. Hii fupi inaona upana wote, lakini lazima usogee karibu na mtu. Hii ndefu inavuta vya mbali. Unaweza kukaa mbali kabisa na mtu, ukamtazama, naye asijue."

"Wewe unapenda ipi?" nikamwuliza.

"Mimi nimezoea ndefu," akasema, na sauti ikamfifia.

"Mtu akizoea kukaa mbali," nikasema nikilikung'uta blanketi vumbi ambalo halikuwepo, "ipo siku atakuta yule anayemtazama ameshapakiwa kwenye lori."

Baba akainua kichwa. "Lori linahusikaje na lenzi?"

"Vumbi, Baba."

"Ni kweli," akasema Baba. "Vumbi ni baya."

Tukaingia kwenye suala la mkoba, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mkanada alikuwa ameacha sanduku gumu la bati jeupe, ndani lina sponji na vishimo. Nilipolinyanyua bega likanishuka. Baba akasema hilo ni la daktari wa mifugo, tena daktari mwenye gari. Kisha akaingiza mkono chini ya koti lake, akatoa mkoba wa ngozi ya mbuzi niliokuwa naujua tangu utotoni, maana ulikuwa unaning'inia karibu na mlango wa nyumba yetu.

"Wa babu yako huu," akasema. "Amezunguka nao mpaka Yaeda Chini, haukuchanika."

Hhando aliufungua ili auheshimu, akachungulia ndani, akapiga chafya iliyotikisa ile ndege ya abiria ukutani. Babu alikuwa mtu wa ugoro. Akapiga ya pili. Akajaribu kusema kitu, akapiga ya tatu.

"Afya," Baba akamwambia kwa ubaridi.

"Asante mzee. Ni mkoba mzuri. Ila ugoro ukiingia kwenye lenzi..." Akafuta macho, kisha akainama chini ya meza. Aliposimama alikuwa na kitu mkononi. "Kuna huu pia."

Ulikuwa mkoba mdogo wa turubai la kijani, lile turubai gumu la kufunikia malori, umeshonwa kwa uzi mweusi, mishono yote imenyooka. Kifuniko chake kilishuka mpaka chini kuzuia vumbi, na kamba yake ilikuwa pana ili isikate bega. Ndani ulikuwa na vyumba viwili vilivyowekewa vipande vya blanketi laini. Sijawahi kuona mkoba mzuri kama ule. Nilijua pale pale kwamba kaushona mwenyewe.

Baba aliuvuta mishono, akaunusa, akashindwa kupata kosa, jambo ambalo lilimuudhi. "Nitatoka nje kwanza niijaribu hii kubwa penye mwanga," akasema. "Nifungie kwenye kamera."

Hhando akaifunga ile lenzi ndefu kwenye ile kamera ya shamba niliyokuja nayo, akamvisha Baba kamba shingoni, akamwonyesha pa kuchungulia na pa kuzungushia. Baba akatoka barazani. Tukabaki wawili.

"Umeshona lini?" nikamwuliza kwa sauti ndogo.

"Jioni jioni. Tangu uliposema lenzi ya shamba imepasuka." Alikuwa anatabasamu sasa. "Hilo blanketi la ndani ni la mama. Hajajua bado."

Nilichukua lenzi fupi nikaitia kwenye chumba kimojawapo cha mkoba. Ikaingia ikatulia. Nikaitia ya kati kwenye cha pili, nacho kikaipokea vizuri kabisa. Nikapima kwa mkono wangu kile chumba, nikakumbuka urefu wa lenzi aliyokuwa nayo Baba. Isingeingia hata nusu.

"Na ndefu?"

"Ndefu hutaihitaji."

"Nani kasema?"

"Mimi nimefikiri... kwa picha za watu, hii ya kati..."

"Uliniuliza?"

Tabasamu likaondoka. "Nilitaka iwe zawadi, Fabiola. Ukimwuliza mtu, zawadi inakuwaje tena?"

"Sikiliza, Hhando. Baba amenichagulia dereva. Wewe umenichagulia lenzi na kuzishonea nyumba kabisa. Sasa nasubiri mtu wa kunichagulia viatu, nikimpata nitakuwa sina kazi tena hapa duniani." Hasira ilinipanda, na niliyekuwa na hasira naye zaidi ni yeye, kwa sababu nilikuwa nimetegemea kwake mambo mengine. "Umewahi kusimama mbele ya kombaini inayokata ngano?"

"Hapana."

"Makapi yake yanaruka mpaka huoni mkono wako. Nikiisogelea na hii ya kati, lenzi itakula makapi na mimi nitakula makapi. Nikiwa nje nahitaji ndefu, nisimame mbali na vumbi. Nikiwa ndani ya kijumba cha dereva nahitaji fupi, maana humo huwezi kurudi nyuma hata hatua. Hii ya kati inaona kama macho yangu yanavyoona. Macho ninayo tayari."

Akaitazama ile lenzi ya kati, akautazama mkoba. "Sikufikiri hivyo," akasema.

"Na lile jingine? Hilo umelifikiri?"

"Lipi?"

"Hhando!"

"Nalifikiri kila siku," akasema kwa haraka. "Nikilala nalifikiri, nikiamka nalifikiri. Nikisafisha picha za watu nalifikiri mpaka zinatoka nyeusi."

"Basi liseme."

"Kwa baba yako?"

"Kwa nani tena? Kwa sanduku la Mkanada?"

Akafungua mdomo. Nikaona kabisa neno linakuja, limeshafika kwenye meno.

"SHIKAMOO DADA!" Baba akapaza sauti huko nje.

Tulikimbilia barazani. Baba alikuwa amesimama ukingoni, kamera imebanwa kwenye jicho, kofia ameivua na kuishika kifuani kwa mkono mwingine. Mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na mteremko, na mbuzi mmoja, na huko chini kabisa soko lenyewe, watu wakionekana wadogo.

"Baba, unamwamkia nani?"

"Shangazi yako Efrazia, huyu hapa." Akaishusha kamera. Akatazama pale mbele, akaona mbuzi. Akairudisha kamera jichoni. "Huyu hapa tena," akasema, lakini sauti ilikuwa imeanza kupoteza uhakika.

Kwa asiyejua, shangazi Efrazia ndiye dada mkubwa wa Baba, na Baba hajawahi kumwona shangazi bila kuvua kofia. Lenzi ndefu ilikuwa imemleta shangazi mpaka puani kwake, ghafla, na kilemba chake na kopo lake la kupimia maharage. Mtu aliyelelewa vizuri angefanya nini?

Lakini mafundi baiskeli waliokuwa karibu hawakufikiri hivyo. Walianza kucheka mmoja mmoja, kisha wote.

"Mzee, mbuzi ameitika?"

"Mwulize na habari za nyumbani!"

Masikio ya Baba yakabadilika rangi. Namjua baba yangu. Mtu mwingine angeingia ndani akajificha. Baba alivaa kofia yake taratibu, akachomeka fimbo ardhini, akawageukia.

"Nimemwona mkubwa wangu, nimemwamkia," akasema. "Kwenu mkimwona mkubwa mnapita kama hamjamwona?"

"Lakini mzee, hajakusikia!"

"Kwa hiyo hajaitika."

"Hajaitika!"

"Basi nitasimama hapa mpaka aitike."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha pampu. Huko barabarani honi ya lori la Alfredi ikalia mara ya kwanza. Nilijua kwamba Baba hatatoka pale. Shikamoo ikishatoka kinywani mwake ilikuwa imetoka, na shangazi alikuwa huko chini akigombana na mnunuzi, hana sababu yoyote ya kuinua macho. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuma upande wa khanga yangu ili kicheko kisinitoke, Mungu anisamehe.

Hhando peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alimsogelea Baba, akauliza kwa upole, "Mzee, ni yupi?"

Baba alimtazama kama anayetafuta dhihaka usoni mwake. Hakuiona. Akampa kamera. "Mwenye kilemba cha kijani. Anayemtikisia mtu kopo."

Hhando akachungulia. "Nimemwona," akasema. Akaniwekea kamera mikononi, akateremka mbio.

Nikaiinua kamera nikamfuata kwa lenzi. Nilimwona akiruka mfereji, akikwepa magunia, akimwomba radhi mama aliyemkanyagia vitunguu. Nilimwona akifika mbele ya shangazi na kupiga goti katikati ya maharage, akizungumza, akinyoosha kidole juu kwetu. Lenzi ilimleta karibu mpaka nikaona jasho kwenye paji la uso wake na shati lililotoka kwenye suruali. Nikajua, bila ubishi wowote moyoni, kwamba nampenda mtu huyu, hata akinishonea mikoba isiyofaa maisha yangu yote.

Shangazi akainua uso, akakinga jua kwa kopo, akatutafuta. Nikaona mdomo wake ukiitika. Halafu nikaona mkono wake ukimkamata Hhando kwenye mkono wa shati, na safari ya kupanda mlima ikaanza, shangazi akiwa mbele.

"Marahaba, Bura!" alisema alipofika, akihema. "Haya, nimeitika. Nyie mnaocheka, hamna kazi?"

Mafundi baiskeli wakakumbuka kwamba wana kazi.

"Dada, nilikuwa najaribu hiki kitu cha Fabiola..."

"Hicho nitakiuliza baadaye. Sasa namwuliza huyu." Alikuwa bado hajamwachia Hhando. "Nimekaa na maharage yangu, kijana kaja mbio, kapiga goti, kasema, 'Mama, kaka yako anakuamkia, amekuona kwa mbali.' Nimefurahi. Nikamwuliza, mwanangu, wewe ni nani kwake hata akutume? Akashindwa kujibu. Nimepanda mlima huu wote nipate jibu. Wewe ni nani?"

Hhando akameza mate. "Mama, hii lenzi ndefu ina tabia ya..."

"Nimekuuliza lenzi?"

"Hapana, mama."

Akanitazama. Sikumsaidia. Nilikuwa nimeshamsaidia mwaka mzima, na chai nilikuwa nimeshakunywa ya kutosha. Honi ya lori ikalia mara ya pili.

"Mimi si mtu wake bado," Hhando akasema, safari hii akimtazama Baba usoni. "Lakini ningependa kuwa mtu wake. Mzee, nampenda Fabiola. Nataka kumwoa."

Hata pampu ya baiskeli iliacha kupumua.

"Mtu anajisemea mwenyewe?" Baba akauliza, na kwa kweli alikuwa ameshangaa zaidi kuliko kukasirika. "Huna wazee?"

"Ninao, mzee. Kila nikitaka kuwatuma naogopa utawarudisha."

"Ningewarudisha."

"Ndiyo, mzee."

"Una ng'ombe?"

"Wapo."

"Wapo wapi? Mimi sijawahi kuona hata mkia."

"Wako kwa marafiki wa baba yangu, huko tambarare za Hanang."

"Wangapi?"

"Bura!" Shangazi alipiga kopo lake kwenye nguzo ya baraza. "Unamwuliza mtu hesabu ya ng'ombe wake hadharani, juu ya soko, kila mwenye masikio anasikia? Haya, wa kwako ni wangapi? Na walioko Hanang kwa rafiki yako Sulle ni wangapi? Taja tusikie sote."

Baba akakohoa muda mrefu.

"Na Alfredi?" akasema baadaye. "Wazee wake wameshaleta salamu."

"Pombe umekunywa?"

"Bado."

"Basi una koo safi," akasema shangazi. "Endelea kumwuliza kijana."

Baba akamzunguka Hhando nusu mzunguko, kama alivyomzunguka yule mtamba wetu mwekundu siku ya mnada. Nikadhani atamwomba afungue mdomo. Akasimama mbele yake.

"Wale walicheka," akasema kwa sauti ya chini. "Hata huyu binti yangu alikuwa anakula khanga, nimemwona. Wewe hukucheka. Kwa nini?"

"Mzee," Hhando akasema, "siku ya kwanza nilipoishika lenzi hiyo, nilimwamkia padri. Alikuwa ng'ambo ya bonde. Nilipiga na goti."

Baba alimkazia macho. Mashavu yake yakaanza kutikisika, akajaribu kuyazuia, yakamshinda. Alicheka mpaka akaishikilia fimbo kwa mikono miwili, na shangazi naye akaanza, na Hhando amesimama katikati yao hajui kama amekubaliwa au ameharibu.

"Mwambie baba yako atume watu," Baba akasema akijifuta machozi. "Nitawasikiliza. Sijasema nimekubali. Nimesema nitawasikiliza. Wa Alfredi nitawapelekea neno mimi mwenyewe, kwa heshima, maana ni watu wazuri."

Hapo hadithi nyingi zingeishia. Shangazi alikuwa ameshafungua mdomo apige vigelegele. Lakini Hhando akainua mkono.

"Samahani, mzee. Samahani, mama. Bado sijamwuliza yeye."

Akaingia ndani akatoka na ule mkoba wa turubai, na wembe anaokatia kingo za picha. Akanipa vyote viwili. Nilitazama ile mishono ya ndani, midogo, yenye subira, ya mtu aliyekaa jioni nyingi karibu na taa ya chemli akifikiri anajua ninachotaka.

"Kata unapotaka," akaniambia. Macho yake hayakukimbia. "Lenzi ni zako, mkoba ni wako. Na lile jingine, Fabiola, nilipaswa kukuuliza wewe kabla ya mtu yeyote. Nakuuliza sasa. Ukisema hapana, nitakushonea mwingine unaofaa, na lori likupeleke salama."

Nilikaa kwenye ngazi ya baraza, nikauweka mkoba magotini, nikakata uzi wa ule ukuta wa katikati, mshono baada ya mshono. Walinitazama wote watatu na hakuna aliyethubutu kuniharakisha. Nikalaza lenzi ndefu kwa urefu, nikaizungushia lile blanketi la mama yake. Nikaweka fupi pembeni yake, na kamera juu. Kifuniko kikafunga. Nikamrudishia ile ya kati mkononi.

"Mama yako umwambie habari za blanketi," nikasema. "Sitaki kuingia kwenye nyumba yenye ugomvi."

Alinitazama, hajaelewa. Kuna watu wanaelewa mwanga na kivuli tu.

"Ndiyo, Hhando," nikamwambia. "Nimesema ndiyo. Wazee waje."

Shangazi akapiga vigelegele mpaka mbuzi akakimbia. Hhando hakuruka wala hakucheka. Alikaa chini pale pale barazani, mbele ya baba yangu, akafunika uso kwa mikono, na Baba akatazama pembeni kwa adabu. Nilitaka kumgusa bega lakini isingewezekana mbele ya wakubwa. Honi ikalia mara ya tatu, ndefu, ya mtu aliyechoka kusubiri.

Basi nikaenda. Sikumbuki nilivyoteremka ule mlima. Nakumbuka nimekaa ndani ya lori, mkoba uko pembeni yangu, mji wa Mbulu unabaki nyuma, na machozi yananitoka bila sababu ninayoweza kuieleza. Alfredi alikuwa amevaa shati jipya. Aliendesha akinitupia jicho la pembeni mpaka tulipoanza kuteremka kuelekea Dongobesh.

"Dada Fabiola, kuna msiba nyumbani?"

"Hapana."

"Mbona unalia?"

"Ninaolewa."

Alikigeuza kioo kidogo cha juu, akajitazama meno, akakirudisha. Uso wake ulijaa haya na furaha. "Kumbe mzee ameshakwambia," akasema.

Ningeweza kunyamaza. Njia ilikuwa ndefu na gari lilikuwa lake. "Si na wewe, kaka Alfredi," nikasema.

Aliibadilisha gia, akairudisha, akaibadilisha tena. Tulipita Dongobesh bila yeye kumpungia mtu mkono, na Alfredi hupungia watu mpaka asiowajua. Nilikaa nikisubiri aniteremshe.

"Ni yule wa picha?" akauliza baadaye. "Aliyekuwa anakimbia kuelekea kwenye maharage?"

"Ndiye."

"Nilimwona. Nikajiuliza, huyu kaibiwa nini?" Akatazama barabara kwa muda. "Sijawahi kukukimbilia hivyo."

Akavuta kitambaa safi kutoka mfuko wa lile shati jipya, akanipa bila kugeuka.

"Upakate huo mkoba," akasema. "Mbele barabara imeharibika."

Nikaupakata. Na kila penye shimo, mpaka Basotu, Alfredi alipunguza mwendo.